Rafu ya Vitabu: Riwaya za mapenzi ya wakati wa vita

Barua za safari hii zimetoka Mwanza mjini na kando za ziwa, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: hizi riwaya za mapenzi zilizowekwa wakati wa vita, na miaka ile migumu baada ya vita, zinasomwaje? Tumejibu tano.

Shikamoo mhariri. Mimi ni muuguzi, naishi Nyamagana. Napenda sana riwaya za Kiingereza za mapenzi ya Vita vya Pili, ila ni nene, kurasa 450 na zaidi, tena zinarukaruka. Sura hii ni 1941, inayofuata ni bibi kizee wa 1995 anafungua sanduku la barua. Nikifika katikati sijui tena nani ni nani. Vitabu vitatu nimeviacha njiani.

Marahaba. Kurasa si adui yako. Zinazokuangusha ni tarehe. Mtunzi huandika mwaka mara moja tu, juu ya sura, halafu harudii. Jicho likiparuka pale, kurasa thelathini zijazo unatembea gizani.

Kata kipande cha boksi chenye urefu wa kitabu, kiwe alamisho yako. Upande mmoja andika watu, wasizidi saba, kila mmoja na neno moja la kumtambulisha: rubani, mama mkwe, mpelelezi. Wenzetu hawa humwita mtu mmoja kwa majina matatu. Elizabeth ndiye Lizzie, ndiye Betty. Na luteni huitwa kwa jina la ukoo kambini na kwa jina jingine kabisa akiwa na mpenzi wake. Majina yote ya mtu mmoja yakae mstari mmoja.

Upande wa pili chora ngazi ya tarehe. Kwa riwaya ya Waingereza zinatosha hizi: 3 Septemba 1939, Uingereza inaingia vitani, 4 Juni 1940, kuokolewa kwa askari kutoka Dunkirk, pwani ya Ufaransa, kunakwisha, 7 Septemba 1940, mabomu ya kila usiku yanaanza London na kuendelea hadi Mei 1941, 15 Februari 1942, Singapore inaanguka, 6 Juni 1944, majeshi yanashuka Normandy, Ufaransa, 8 Mei 1945, vita vinakwisha Ulaya, 15 Agosti 1945, Japani inasalimu amri. Kila sura ikianza, tia alama ya penseli kwenye ngazi. Utaona jambo ambalo mhusika halioni: binti anayefurahia harusi Januari 1942 na mume anayepelekwa Singapore hajui kuwa amebakiwa na majuma machache.

Barua zilizomo kitabuni zipe tarehe mbili, ya kuandikwa na ya kufika. Pengo lililo kati ya hizo mbili ndilo linalovunja mapenzi mengi katika riwaya hizi. Barua ya mateka aliyeshikwa na Wajapani iliweza kuchukua zaidi ya mwaka, au isifike kabisa. Halafu kulikuwa na wakaguzi waliokata kila neno lililotaja mahali au kikosi, kwa hiyo mwanamume anayeandika mistari minne mikavu huenda hajapoa. Usimhukumu mapema.

Mwisho, usifunge kitabu sura inapoisha. Soma kurasa mbili za sura inayofuata ndipo ulale. Kesho utaingia ukiwa tayari umo ndani ya wakati wake. Kwa kurasa 25 kila usiku, kitabu cha 450 ni siku 18.

Mchumba wangu ananicheka kuwa nasoma uongo. Nitamtambuaje mtunzi aliyefanya utafiti na yule aliyevalisha tu wapenzi magwanda? — Msomaji, Kirumba

Mwambie shemeji yetu kwamba riwaya ni uongo wenye adabu, na adabu yake hupimwa.

Anza mwishoni. Watunzi makini huacha kurasa mbili tatu baada ya hadithi wakieleza kipi ni cha kweli, kipi wamekibuni na tarehe gani wameisogeza. Kuzisoma mapema hakuharibu utamu, ila ruka aya inayomtaja mhusika aliyekufa.

Kisha acha mizinga na majenerali, maana hayo kila mtu huyanakili vizuri. Gusa vitu vidogo: dawa, chakula, nguo, fedha. Penisilini iligunduliwa 1928, na ilianza kupatikana kwa wingi jeshini mwaka 1944. Daktari wa riwaya ya 1916 akimchoma mpenzi aliyejeruhiwa sindano ya kuua vijidudu, funga kitabu. Mwaka ule kidonda kilichooza kiliishia kwenye msumeno au kaburini, na hofu hiyo ndiyo iliyompa muuguzi wa riwaya kazi ya kukesha kitandani kwa mgonjwa.

Mgao wa chakula Uingereza ulianza Januari 1940 na haukuisha vita vilipoisha. Uliendelea hadi Julai 1954. Tena mkate, ambao haukugawiwa kwa kadi wakati wote wa vita, uliingizwa kwenye mgao Julai 1946 na kutolewa Julai 1948. Mtunzi anayejua hilo atakuonyesha mume aliyerudi akiwa mshindi, anakuta mezani pakavu kuliko alipopaacha, na ugomvi wa kwanza wa ndoa unaanzia kwenye kipande cha mkate. Asiyejua atawaandalia keki ya ngazi tatu.

Nguo nazo ziliingia kwenye mgao tarehe 1 Juni 1941. Mtu mzima alipewa kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza, na gauni la sufu lilikula 11. Ndiyo maana bibi harusi wa riwaya hizi huazima gauni au hushona la kitambaa cha parachuti. Si pambo la mtunzi, yalifanyika. Na kwa Vita vya Kwanza, kumbuka Uingereza haikulazimisha watu kuingia jeshini hadi 1916. Kijana aliyeondoka 1914 alijitolea, kwa hiyo mchumba wake ana haki ya kumuuliza kwa nini alimwacha.

Hadithi ikiwekwa huku kwetu, mitego iko karibu zaidi. Waingereza waliiteka Mwanza tarehe 14 Julai 1916. Reli ilifika hapa mwaka 1928, kwa hiyo mpenzi hawezi kuagwa stesheni ya Mwanza akienda kupigana na Mjerumani; ataagwa bandarini au ataondoka kwa miguu. Mfukoni ana rupia na heller, fedha za Wajerumani; shilingi ilikuja miaka ya mwanzo ya 1920. Jina Tanganyika nalo lilianza kutumika rasmi 1920. Na vita vya huku havikwisha 11 Novemba 1918 kama Ulaya: von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, alikabidhi silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba. Siku hizo 14 ni tosha kwa mtunzi mwerevu kumuua mtu baada ya amani. Halafu wengi waliochukuliwa kutoka vijijini hawakubeba bunduki, walibeba mizigo. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutoka kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps. Riwaya inayowageuza wanaume wote wa kijiji kuwa askari wenye kofia nyekundu imesahau walio wengi.

Lakini usiwe hakimu wa vifungo. Kosa la rangi ya kifungo lisamehe. Kosa linalobeba hadithi usilisamehe. Kipimo chetu ni hiki: viondoe vita, uone kama wapenzi hao wangepitia yaleyale. Ikiwa wangepitia, basi vita vilikuwa pazia tu nyuma ya jukwaa.

Kwa nini mwanamume aliyetangazwa kufa hurudi siku mwanamke anapoolewa na mwingine? Nimeisoma mara nne sasa. Iliwezekana kweli? — Msomaji, Ukerewe

Iliwezekana, ila si kirahisi kama wanavyoiandika. Angalia maneno ya ile telegramu. Jeshi lilitofautisha aliyeuawa, aliyepotea, na aliyepotea ambaye inaaminika amekufa. Aliyeuawa, mwili umeonekana au shahidi yupo. Mtunzi akimrudisha huyo, adaiwe maelezo mazito. Aliyepotea ndiye mwenye mlango wazi: huenda ni mateka na jina lake bado halijafika Msalaba Mwekundu.

Hesabu pia miaka. Sheria ya ndoa ya England ya 1937 ilimruhusu mke kuiomba mahakama imhesabu mume kuwa amekufa, na ukimya wa miaka saba ulitosha kuwa ushahidi. Mjane wa riwaya aliyepokea neno "amepotea" mwaka 1943 na kuolewa kanisani 1944, bila karatasi yoyote, ana kesi ya kujibu, na mtunzi naye pia.

Kuhusu kuisoma mara nne: wewe ndiye unayechagua vitabu kwa kutazama jalada. Mwanamke aliyegeuza mgongo na ndege angani, hadithi ni hiyohiyo.

Kikundi chetu cha kina mama kumi hapa Muleba tunasoma hadithi ya mapenzi ya wakati wa Vita vya Kagera. Baadhi yetu tulikuwepo. Tulipofika sura ya askari kurudi, mmoja alinyamaza kabisa, mwingine akatoka nje. Tuendelee au tubadilishe kitabu?

Poleni, mama zetu. Endeleeni, lakini badilisheni utaratibu. Mmoja asome sura nzima mbele ya wengine, siku mbili kabla, aseme waziwazi kilichomo: kuna kifo, kuna ubakaji, kuna kurudi. Asiyetaka sura hiyo aje baada ya chai bila kuulizwa sababu. Sura nzito isomwe peke yake, isiunganishwe na nyingine, na isisomwe jioni watu wakiwa karibu kwenda kulala. Na msiwageuze wenzenu waliokuwepo kuwa mashahidi. Swali la "eti ilikuwa hivi kweli?" hugeuza burudani kuwa mahojiano. Akipenda kusema, atasema.

Kwa wale wanaotaka kukipima kitabu chenyewe: mwaka 1978 mkoa wenu uliitwa Ziwa Magharibi, jina la Kagera lilikuja 1979. Hotuba ya Mwalimu ya sababu, uwezo na nia ni ya 2 Novemba 1978, na watu waliisikia redioni, kwani Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100, basi mhusika asihesabu maelfu mkononi kama mfanyabiashara wa leo. Anayevuka kwenda Mwanza apande MV Victoria, iliyokuwa ziwani tangu 1961. Huko Mwanza nako hakukuwa salama kabisa: ndege ya Libya ilijaribu kuupiga mji mwaka 1979, makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama.

Jambo ambalo watunzi wengi hulikosa ni hili. Kampala ilitekwa 11 Aprili 1979, na hadithi nyingi humrudisha askari mwezi uleule na zawadi mkononi. Lakini majeshi yetu yalibaki Uganda hadi 1981. Mchumba aliyeshangilia ushindi aliweza kukaa miaka miwili mingine akingoja, katika ile miezi 18 ya kufunga mikanda aliyoitangaza Mwalimu, ambayo haikuishia 18, sabuni na sukari vikitafutwa kwa foleni. Kama kitabu chenu kinaruka kutoka vigelegele vya Aprili hadi harusi, ulizaneni kikundini: kati ya hapo na hapo, huyu binti alifua kwa sabuni gani? Hapo ndipo mazungumzo matamu yalipo, na hayamuumizi mtu.

Nanunua vitabu vya mitumba mjini. Juzi nilifika ukurasa wa 371 nikakuta hakuna mwisho. Vingine vinanuka ukungu. Nifanyeje? — Msomaji, Igoma

Pole, hakuna maumivu kama hayo. Kabla hujalipa fungua mwisho kwanza. Vitabu hivi hushikwa kwa gundi, na gundi ikikauka karatasi za mwisho huchomoka. Kunja uti wa mgongo taratibu, ukisikia mlio wa kukatika kirudishe. Kisha tazama kama namba za kurasa hazijaruka katikati.

Harufu ya ukungu inatokana na unyevu, na hapa ziwani hatuukosi. Kisimamishe kitabu kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimefunuka, siku mbili au tatu; jua kali litapinda jalada na kukausha gundi. Vumbi la ukungu lipangusie nje kwa brashi kavu, pua ikiwa imezibwa. Usitumie kitambaa chenye maji. Ukiona matundu ya wadudu, kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kikae kwenye friza wiki nzima. Kikitoka, usifungue mfuko hadi kesho yake, la sivyo umande utaingia kwenye karatasi na utaanza upya.

La mwisho, ukurasa wenye mwaka wa kuchapishwa usomwe mpaka chini. Riwaya moja huweza kutoka Uingereza kwa jina moja na Marekani kwa jina jingine, na hapo chini huandikwa ilivyoitwa awali. Pia hutajwa kama ni kitabu cha pili katika mfululizo wa vitatu. Ukianzia cha pili, utakutana na mjane anayemlilia mtu usiyemjua, na ukirudi kwenye cha kwanza utakuwa umeshajua nani atakufa.