Sijawahi kucheza mpira, mbona nalia?

*Shangazi, shikamoo. Mie msichana wa miaka 24, naishi Wete na wazazi na kaka zangu. Nyumba nzima Simba. Mpira sijawahi kuucheza, hata skuli nilikuwa wa kushika viatu vya wenzangu. Lakini wakiwasha televisheni nakuja. Mara nachoka hadi nasinzia, mara moyo unanienda mbio. Siku ya fainali ya Amaan nililia, kaka yangu akacheka: "Mtu hujagusa mpira, unalia nini?" Tangu hapo nikikaa nao najihisi naigiza. Nikibaki chumbani nasikia kelele zao, naona uchungu. Na mie ndiye wa kuwapelekea chai. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na huyo kaka. Mei 25, 2025, Simba ilikuwa na deni la mabao mawili iliyofungwa na RS Berkane ya Morocco katika fainali ya kwanza kwao. Ikapata moja mapema, ikakaa nalo hadi dakika za majeruhi, Berkane wakasawazisha, Kombe la Shirikisho likaondoka Unguja mbele ya macho yetu. Nani hakuumia? Na walioumia, wangapi wamewahi kucheza? Muulize kaka yako mara ya mwisho kuvaa njumu ilikuwa lini. Kwa upole, lakini muulize.

Kuchoka nako si kosa. Sikuambii ujifunze sheria zote ili uonekane mjuzi. Wajuzi tunao wa kutosha, na wengi wao kuotea hawakujui. Njoo kipindi cha pili tu ukitaka. Au kaa na kazi yako mkononi, ukili au kofia, uinue macho wakipiga kelele. Visiwani tumekuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, Bara wakiwa bado hawana yao, na wanawake wengi tuliizoea hivyo hivyo, mikono ikiwa na shughuli.

Kilichonisimamisha kwenye barua yako ni jambo ulilolitupia mwishoni, kama halina uzito: chai. Nashuku unajihisi unaigiza kwa sababu mechi unaiona vipande vipande. Bao linafungwa wewe uko jikoni unachuja tangawizi. Ukirudi mbio unakuta wameshakumbatiana, wameshakaa, unaoneshwa marudio. Halafu bao jengine, na wewe umeinama unaokota vikombe. Kaka zako wamekaa dakika zote 90, nao hawajagusa mpira vilevile, ila hakuna anayewauliza wanalia nini. Mie hapo siuoni mpira kabisa, naiona nyumba na mazoea yake.

Basi kabla refa hajapuliza, jaza chupa mbili za chai, weka vikombe na sinia la kachori katikati ya mkeka, nawe ukae. Anayetaka zaidi anajua jiko liliko. Ila mwambie mama kwanza, mkiwa wawili, asije akadhani unawafanyia jeuri wanaume wa nyumba. Baba akilisikia kutoka kwa mama litakuwa jepesi. Kaka atanuna mechi moja au mbili. Mwache anune.

Wala usingoje sana. Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027 zimepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na wageni wa kuja kutazama kwenu watakuwa wengi. Hilo la chai lizungumzwe kabla hawajafika.