Maswali ya Wasomaji: Yadi ya Makontena Itakwama Wapi?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi hapa Nairobi. Katika mradi wangu wa mwisho nimechora yadi yenye kreni zinazojiendesha, nikapanga makontena matano matano kwenda juu ili eneo litoshe. Mwalimu wangu ameurudisha mchoro akisema yadi hiyo itakwama. Kosa ni nini, na je, vitalu, yaani safu ndefu za marundo ya makontena, viwe sambamba na gati au vilielekee? – Msomaji, Embakasi.

JIBU: Marahaba. Mwalimu wako amesema kweli. Ubora wa yadi haupimwi kwa wingi wa makontena inayoyabeba tu, bali pia kwa wepesi wa kulitoa lile linalotakiwa. Katika rundo lako, likitakiwa kontena la chini kabisa, kreni italazimika kuhamisha manne kwanza, kazi ambayo hakuna mteja anayeilipia. Iwapo makontena yanaitwa bila utaratibu unaojulikana mapema, kila linaloitwa huwa na mawili juu yake kwa wastani. Ukipanga matatu matatu, wastani hushuka hadi moja. Isitoshe, yadi ikijaa pomoni, hayo manne hayana pa kuwekwa. Kwa hiyo acha nafasi tupu ndani ya kila kitalu, na malori yaje kwa miadi, ili usiku kreni ziyatangulize juu makontena ya kesho.

Kuhusu mwelekeo, tazama kituo cha Altenwerder, Hamburg, kilichofunguliwa mwaka 2002. Vitalu vyake vimekutana na gati kwa pembe mraba: magari yasiyo na dereva huhudumia ncha ya baharini, malori huhudumiwa ncha ya nchi kavu, na watu hawaingiliani na mitambo. Kila kitalu kina kreni mbili, fupi ikipita chini ya ndefu. Napenda sana mpango huo kwa shehena inayotoka melini kwenda barabarani au kwenye reli. Hata hivyo, kreni hulibeba kontena urefu wote wa kitalu. Kwa hiyo pale ambapo shehena nyingi huhamishiwa meli nyingine, vitalu sambamba na gati hufaa zaidi, kwani gari hulifuata kontena ubavuni.

Ukichora bandari kavu kama hiyo ya Embakasi, ambako treni hushika nafasi ya meli, mimi ningelaza vitalu sambamba na reli. Lakini kwanza tafuta idadi ya malori yanayoingia saa ya msongamano mkubwa, kwa maana ndiyo itakayokuonyesha unahitaji sehemu ngapi za kupakilia.