Kwa Anayeanza Kusoma Minyoo ya Matende na Kinga ya Mwili

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi mpya wa minyoo ya filaria hana budi kulizoea ni kwamba mgonjwa mwenye matende makubwa mguuni mara nyingi haonekani kuwa na kijidudu hata kimoja katika damu yake, ilhali jirani yake mzima wa afya, anayekwenda shamba kila asubuhi, anaweza kuwa na maelfu ya mikrofilaria, yaani watoto wachanga wa mnyoo huyo, katika mililita moja ya damu. Asiyelielewa hilo atasoma makala za chembe za kinga kwa miaka mingi huku akichanganya mambo mawili tofauti, yaani maambukizi na maradhi.

Kabla ya kugusa saitokini, yaani kemikali ambazo chembe za kinga hupashana nazo habari, jifunzeni maisha ya mnyoo wenyewe. Katika mwambao wa Kenya na Tanzania, pamoja na visiwa vyake, matende na mabusha yatokanayo na filaria huletwa na mnyoo mmoja tu, Wuchereria bancrofti, anayeenezwa na mbu aina ya Culex mijini na Anopheles vijijini. Jike hufikia urefu wa sentimita 8 hadi 10, hukaa ndani ya mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, kwa miaka 6 hadi 8 hivi, na watoto wake hujitokeza kwa wingi katika damu ya pembeni kati ya saa nne na saa nane usiku. Damu iliyotolewa adhuhuri na kutazamwa kwa hadubini itakudanganya. Kipimo cha haraka cha antijeni, yaani chembechembe za mnyoo ambazo kinga huzitambua, kinaweza kufanywa saa yoyote, lakini hicho hutambua antijeni za minyoo mikubwa, wala hakisemi kama mikrofilaria zipo. Kwa hiyo msiandike matokeo ya vipimo hivi viwili katika safu moja.

Sasa inawezekanaje mnyoo wa urefu huo aishi miaka mingi katika mishipa ileile ambamo askari wa mwili hupita? Huwatuliza. Kwa watu wenye mikrofilaria wasio na dalili, chembe T, yaani chembe nyeupe zinazoongoza kinga, zinapokutana na antijeni za mnyoo hutoa kwa wingi interlukini-10, saitokini inayotuliza, na kidogo interferoni gama, saitokini inayochochea, na kingamwili aina ya IgG4 hupanda sana. IgG4 haiamshi kwa nguvu mfumo wa komplimenti, yaani protini za damu zinazoshambulia wavamizi, tena hushindana na IgE, kingamwili ya mzio, juu ya antijeni zilezile, hivyo uvimbe na mwasho hupungua. Kwa wenye maradhi sugu mambo hugeuka: majibu ya chembe T za aina ya Th1 na Th17, ambazo huchochea uvimbe, huwa makali zaidi. Ukingoni kabisa wapo wachache, hasa Asia ya Kusini, ambao mwili wao huziua mikrofilaria mapafuni. Hukohoa usiku, hudhaniwa kuwa na pumu, na eosinofili zao, chembe nyeupe za damu zinazopambana na minyoo, huzidi 3,000 katika maikrolita moja ya damu.

Hapa ndipo ninapowasihi msiharakishe. Utafiti mwingi wa aina hii hupima watu mara moja tu, na kipimo cha siku moja hakiwezi kusema kama ukali wa kinga ndio uliouvimbisha mguu au kama ulifuata baada ya mishipa kuharibika. Zaidi ya hayo, homa za ghafla za mwenye matende kwa sehemu kubwa huletwa na bakteria wanaopenya kwenye nyufa za vidole, ndiyo maana kuosha mguu kwa sabuni na maji safi kila siku huzipunguza. Kwa hiyo kinga unayoipima kwa mgonjwa huyo inawajibu pia bakteria hao. Nao wenye mabusha si kundi moja na wenye matende, kwa kuwa baadhi yao bado wana mikrofilaria. Makala inayowaweka wote katika jina la “wagonjwa sugu” naisoma kwa mashaka.

Msimsahau Wolbachia, bakteria anayeishi ndani ya mnyoo na ambaye mnyoo hawezi kuzaa bila yeye. Antibiotiki iitwayo doksisaiklini kwa wiki 4 hadi 6 humwondoa, jike huwa tasa, na baadaye minyoo mikubwa mingi hufa. Dawa za kingatiba, zinazogawiwa nyumba kwa nyumba kwa wagonjwa na wazima pia, zinapoua mikrofilaria kwa wingi, bakteria hao humwagika na kuiamsha kinga, ndipo mtu hupata homa na maumivu ya kichwa. Mweleze hivyo kabla hajameza, maana asipoelezwa atawaambia wenzake kwamba dawa imemdhuru, na mwaka unaofuata nyumba nyingi zitafungwa mkipita.

Kuhusu panya nitasema machache. Wuchereria hakui ndani ya panya, hivyo maabara nyingi hutumia filaria mwingine, Litomosoides sigmodontis. Ni mfano mzuri wa kuuliza maswali, ila matende ya binadamu hayaonekani humo.

Mwisho, tazameni nje ya mnyoo. Utafiti wa Kyela, mkoani Mbeya, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia watu kwa miaka kadhaa na kukuta kwamba waliokuwa na Wuchereria walipata maambukizi mapya ya VVU takriban mara mbili ya wasiokuwa naye. Sababu yake haijathibitishwa, ingawa chembe T zilizoamshwa zinashukiwa. Kwa hiyo fomu zenu, kwa idhini ya mshiriki, ziwe na nafasi ya hali ya VVU, malaria, minyoo ya tumbo na tarehe ya mwisho ya kumeza kingatiba, na zijazwe siku ileile damu inapotolewa, kabla sampuli haijaingia kwenye friza.