Tulivyotafuta nyumba ya mkopo wa vijijini katika Kaunti ya Warren, Kentucky

Niliposikia mara ya kwanza kwamba Wizara ya Kilimo ya Marekani inadhamini mikopo ya nyumba isiyodai malipo ya awali, nilidhani hayo ni mambo ya wakulima, nikayapuuza karibu mwaka mzima huku tukiendelea kulipa pango mjini Bowling Green. Kumbe shamba la biashara ndilo lisilokubalika. Kinachotakiwa ni nyumba ya kuishi wewe mwenyewe, iliyo katika eneo linalohesabiwa kuwa la vijijini, na kaya ambayo kipato chake hakizidi kiwango kilichowekwa kwa kaunti husika. Fedha hutolewa na benki ya kawaida, na wizara huiwekea benki hiyo dhamana. Mkopaji naye hulipa ada ya asilimia 1 mwanzoni, ambayo inaweza kuingizwa ndani ya mkopo, na asilimia 0.35 kila mwaka.

Anzeni na ramani kabla hamjaipenda nyumba yoyote. Wizara ina ramani ya bure kwenye tovuti yake, lakini ina mtego mdogo: sehemu zilizopakwa rangi, ambazo mtu angedhani ndizo zinazostahili, ndizo zilizokataliwa. Katika kaunti yetu Bowling Green, mji uliokuwa na watu zaidi ya 72,000 katika sensa ya 2020, umo ndani ya rangi pamoja na vitongoji vyake, hivyo utafutaji wetu ukaelekea miji midogo kama Smiths Grove, Oakland na Woodburn. Msiridhike kulitazama jina la mji tu. Mpaka hufuata barabara, na tuliwahi kusimama mahali ambapo masanduku mawili ya barua yalitazamana, la upande huu likiwa ndani na la upande wa pili likiwa nje.

Somo hilo tulilipia. Dalali mmoja aliandika katika tangazo lake kwamba nyumba inastahili mkopo huu, nasi tukamwamini, tukamlipa mkaguzi, na mke wangu akaanza hata kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Ofisa wa mikopo alipoingiza anwani, alama ikaangukia ndani ya rangi, umbali wa nyumba tatu tu kutoka mpakani. Fedha za ukaguzi hazikurudi. Tangu siku hiyo kila tangazo lililotuvutia nililipitisha kwanza kwenye ramani, nikiandika anwani nzima pamoja na namba ya nyumba, na nakala ya jibu nikaihifadhi.

Baada ya ramani linakuja suala la kipato, na hapa familia zetu ndizo zinazokwama zaidi. Wanaohesabiwa ni watu wazima wote watakaoishi katika nyumba hiyo, hata wasiotia saini. Shemeji yangu, anayefanya kazi zamu ya usiku kiwandani na kulala chumba cha nyuma, hakuwa mkopaji, lakini mshahara wake uliingizwa, na nusura utuvushe kiwango. Kilichotuokoa ni idadi yetu. Kiwango cha kaya ya watu 5 hadi 8 ni cha juu kuliko cha kaya ya watu 1 hadi 4, nasi tulikuwa saba. Gharama za kulelewa watoto wenye umri wa miaka 12 au chini wakati wazazi wako kazini nazo hupunguzwa katika hesabu, kwa hiyo tunzeni risiti. Msimfiche ndugu anayeishi nanyi ili hesabu ipendeze. Hilo ni tamko mnalolitia saini mbele ya serikali.

Nyumba za nje ya mji mara nyingi hutumia kisima na tangi la majitaka, na benki itataka maji yapimwe. Ardhi ya Warren ni ya mawe ya chokaa yenye mapango chini yake. Mwaka 2014 shimo lilifunguka ndani ya jumba la makumbusho ya magari ya Corvette, hapo hapo Bowling Green, likameza magari 8. Katika ardhi ya namna hiyo uchafu wa juu hukifikia kisima upesi. Ningelipa kipimo hicho kwa moyo mkunjufu hata kama benki isingekidai, na ningemwomba mkaguzi aitembelee bustani yote akitafuta mabonde madogo yaliyobonyea.

Faili likishapitishwa na benki bado hupelekwa wizarani kupata idhini, kwa hiyo tarehe ya kufunga mauzo iwekeni mbali kidogo. Kama mnaweza kuchagua, epukeni mwanzo wa Oktoba, kwani mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 ya mwezi huo, na Bunge likichelewa kupitisha bajeti idhini mpya husimama. Sisi tulifunga mwezi Mei.