Makinda ya Ndege: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Masika yameingia, upepo na mvua vinaangusha viota kila mtaa wa Nairobi, na barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo lile lile: nimeokota kinda, nifanyeje? Tumezipa ukurasa mzima.

SWALI: Asubuhi baada ya mvua kubwa nimekuta kinda chini ya mjakaranda nje ya ploti yetu. Hana hata unyoya mmoja, macho yamefumba na mwili ni wa baridi. Nimempa maziwa ya uvuguvugu kwa pamba lakini hamezi. Majirani wanasema nikishamshika, mama yake hatamtaka tena. Ni kweli? Msomaji, Umoja

JIBU: Maziwa acha sasa hivi. Tumbo la ndege halimeng'enyi sukari ya maziwa. Humharisha, na kinda wa gramu 10 akiharisha hukaukiwa maji kwa muda mfupi sana. Usimdondoshee kitu chochote cha majimaji mdomoni. Akipanua mdomo utaona nyuma ya ulimi kitundu kinachofunguka na kufumba. Hiyo ndiyo njia ya hewa, na tone likiingia humo linakwenda mapafuni. Maji yake kinda huyapata ndani ya chakula.

Kwanza joto, kisha chakula. Tumbo la kinda aliyepoa halifanyi kazi, na utakachomlisha kitachacha humo humo. Mfumbate viganjani mpaka ngozi iache kuwa ya baridi. Chukua bakuli dogo, likunjie tishu liwe na umbo la kiota, tena la kubana kidogo ili miguu ikae chini ya mwili, isitawanyike pembeni. Pamba haifai kwa sababu nyuzi zake humsokota vidole. Weka bakuli ndani ya boksi, kando ya chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo. Kinda asiye na manyoya anahitaji nyuzijoto 32 hadi 35; manyoya yakichomoza kama miiba, 29 hadi 32; akishavaa manyoya yote, 25 hivi zinamtosha. Balbu za LED hazitoi joto la maana na stima hupotea bila taarifa, kwa hiyo tegemea chupa, na maji uyabadilishe kila saa 2 au 3, usiku pia. Jiko la makaa lisiwe chumba alimo. Hewa yake humuua ndege kabla mtu hajaanza hata kuumwa kichwa.

Akishapata joto, tafuta kiota. Hilo la mama kumkataa kwa sababu ya harufu ya mtu si kweli. Kiota kikifikika, mrudishe. Kama kimevunjika, chukua mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia, toboa matundu chini ili maji ya mvua yapite, weka nyasi kavu, uufunge kwa waya kwenye tawi la karibu lenye kivuli. Kisha ondoka kabisa, utazame kutoka mbali kwa saa 1 hadi 2. Ukisimama chini ya mti, wazazi hawatakuja, nawe utadhani wamemtupa. Wakija, mwachie mama yake. Hata mlezi hodari wa kibinadamu anamlisha vibaya kuliko yeye.

Wasipokuja, arifu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na wakati unasubiri maelekezo mlishe hivi. Kikombe 1 cha chakula kikavu cha paka wachanga, kilowekwe kwa kikombe 1 na robo cha maji mpaka kilainike chote. Ponda pamoja na yai 1 lililochemshwa likakauka, halafu tia nusu kijiko cha chai cha ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa kama unga. Mchanganyiko uwe laini lakini usichuruzike. Kwenye friji hukaa siku 2. Toa kidogo kidogo, upashe kwa kuweka kibakuli ndani ya maji moto. Huu unawafaa makinda wa shore, shomoro, mnana na wengine wanaopanua mdomo wenyewe. Hata ndege ambao wakikua hula nafaka, wengi wao hulelewa kwa wadudu, ndiyo maana uji, ugali na mkate haviwakuzi.

Gusa ukingo wa bakuli taratibu, atapanua mdomo. Kwa kibano kisicho na ncha kali, weka tonge la ukubwa wa punje ya mchele nyuma ya ulimi, mbali na kile kitundu cha hewa. Matonge 3 au 4 yanatosha; akiacha kuomba, acha kulisha. Asiye na manyoya hula kila dakika 15 hadi 20, mwenye miiba ya manyoya kila dakika 30, aliyevaa manyoya kila dakika 45 hadi 60, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Usiku mwache alale. Kama ratiba hiyo haiwezekani kwako kwa sababu ya kazi, usianze. Mpeleke kwa anayeweza. Akishakula atageuka, anyanyue mkia, atoe kifuko cheupe chenye doa jeusi, kikavu kiasi cha kushikika kwa tishu. Kikigeuka maji, angalia upya joto na usafi wa chakula.

SWALI: Kwenye njia ya mtaani kwetu kuna ndege mdogo mwenye manyoya kamili, mkia mfupi, anarukaruka lakini haruki juu. Nimchukue? Paka wamejaa hapa. Msomaji, South B

JIBU: Usimchukue. Huyo ametoka kiotani kwa wakati wake na wazazi wanamlisha hapo hapo chini. Mpandishe kwenye kichaka au tawi la karibu, wafungieni paka siku chache. Ila kama paka ameshamshika, hata kama unaona kidonda kidogo tu, au huoni kabisa, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo apate antibiotiki, maana bakteria wa mdomo wa paka humuua ndege kwa siku 1 hadi 3. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete.

SWALI: Nalea kinda wa hua. Hapanui mdomo, namlazimisha. Tangu jana gole lake limevimba na leo asubuhi bado limejaa, linanuka uchachu. Msomaji, Kasarani

JIBU: Hua na njiwa hawalishwi kama wengine. Kinda wao huingiza mdomo ndani ya mdomo wa mzazi, ndiyo maana hapanui. Chukua sirinji ya mililita 10, kata ncha yake uondoe ukali wote kwa kusugua, funika mdomo wa sirinji kwa kipande cha glavu ya mpira na ukate upenyo mdogo katikati. Atausukumia mdomo humo na kunyonya mwenyewe, kwa kasi yake mwenyewe, bila hatari ya kumpalia.

Lakini leo usimwongezee chakula. Gole, yaani ule mfuko wa chakula chini ya shingo, lapaswa kuwa tupu kabisa angalau mara moja kwa siku, kwa kawaida alfajiri. Lisipomwagika, sababu huwa ni baridi, uji mzito mno, au kulishwa tena juu ya mabaki. Mpashe joto, mpe mililita 2 za maji ya ORS ya uvuguvugu kwa sirinji ile ile, usugue gole taratibu kwa kidole. Usilikamue, yatapanda na kumpalia. Lisiposhuka ndani ya saa 4 hadi 6, nenda kwa daktari, kwa sababu harufu ya uchachu ni dalili ya fangasi. Mchungulie koo pia. Ukiona utando wa manjano kama jibini, huo ni ugonjwa wa vijidudu unaowapata sana njiwa. Una dawa, lakini kwa cheti cha daktari.

Atakapopona, chakula cha dharura ni chakula cha kuanzia cha vifaranga wa kuku, kilowekwe kwa maji moto na kuchujwa, chepesi kwanza kisha kizito kidogo kidogo. Kiwe na joto la nyuzi 38 hadi 40 kwa kipimajoto, kwa sababu ukikadiria kwa kidole unaweza kumuunguza gole. Kipimo ni asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake: kinda wa gramu 50 hapokei zaidi ya mililita 5 kwa mlo.

SWALI: Shore wetu, yule wa kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, ana wiki ya tano sasa. Anaruka chumbani vizuri lakini hali mwenyewe. Akituona anatetemesha mbawa na kulia mpaka tumlishe. Nimeshauriwa nimnyime chakula kutwa nzima, njaa itamfunza. Na watoto wamempenda, tungependa abaki. Msomaji, Lang'ata

JIBU: Tafadhali usimnyime. Ndege mdogo ana akiba ya saa chache tu mwilini, na mwenye njaa hadonoi kujaribu. Huketi, hujikunyata na kulia. Njaa pia huacha alama kwenye manyoya yanayoota. Nyoosha ubawa wake kwenye mwanga: ukiona mistari hafifu inayokatiza manyoya yote kwa usawa mmoja, hapo ndipo siku ya njaa ilipopita, na hapo ndipo yatakapokatika.

Kujilisha huanzia kwenye uchezaji. Tangu siku anayotoka kiotani awe na chakula mbele yake muda wote, hata kama anakitupatupa. Anza na kinachotembea, maana macho yake hufuata mwendo: kumbikumbi waliookotwa pasipopuliziwa dawa, panzi wadogo waliotolewa miguu ya nyuma, au funza wa nzi weusi wanaouzwa kwa wafuga kuku. Waweke ndani ya kifuniko cha mkebe chenye kingo fupi. Tonge lake alilozoea liweke juu ya kifuniko hicho hicho, na umlishe hapo, kibano kikishuka chini siku hadi siku mpaka anachukua tonge likiwa sakafuni. Papai na ndizi mbivu zichomeke kwenye kijiti karibu na anapotua, kwa kuwa shore hula matunda akiwa tawini. Parachichi lisimkaribie kabisa. Ni sumu kwa ndege.

Punguza mkono kwa ngazi: kila saa 1, baada ya siku 2 au 3 kila saa 2, kisha mara tatu kwa siku. Mlo wa asubuhi ucheleweshe saa moja ili apate sababu ya kudonoa. Ule wa jioni usiufute mpaka mwisho kabisa, asilale na njaa. Mpime kila asubuhi kabla ya kula kwa mzani wa jikoni unaosoma gramu 1 moja. Akiwa na gramu 35 jana na leo 34, endelea. Akishuka chini ya 32, rudi ngazi moja nyuma. Akimaliza siku 3 bila mkono wako na uzito umesimama pale pale, amejitegemea. Wengi hufika hapo kati ya wiki ya 4 na ya 6, kwa hiyo wenu hajachelewa.

Kuhusu kubaki: hapana. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kumweka ndege wa porini bila kibali, na tunaiunga mkono kwa moyo wote. Watoto waache kumsemesha na kumbeba kuanzia leo, kwani ndege asiyeogopa watu hapati wiki mtaani. Mhamishieni kwenye banda la nje lililozungushiwa chandarua, siyo waya mtupu unaokwaruza manyoya, liwe na beseni la kina kifupi la kuoga. Akae humo wiki 2, apigwe na jua na manyunyu, asikie shore wenzake. Kisha, kwa makubaliano na KWS, mfungulieni mlango asubuhi ya siku kavu, karibu na mahali alipookotwa, na chakula kiendelee kuwekwa pale pale kwa wiki nzima au zaidi. Atarudi mara nyingi mwanzoni, halafu mara moja moja.

SWALI: Mnana wangu hula nyama ya kusaga na ugali, amenenepa, lakini miguu imepinda na hasimami. Msomaji, Kawangware

JIBU: Nyama tupu ina fosforasi tele na karibu haina kalsiamu, hivyo mwili unaichota kalsiamu kwenye mifupa. Badilisha leo kwa mchanganyiko ulioelezwa juu, mweke kwenye jua la asubuhi dakika 20 penye kivuli cha kukimbilia, na aonwe na daktari. Mfupa laini unaweza kukaza; uliokwisha kupinda kwa kawaida haunyooki.

SWALI: Kinda la kongoti limeanguka kwenye miti ya Barabara ya Mombasa, karibu na Uwanja wa Nyayo. Tulilishe nini? Msomaji, Nairobi West

JIBU: Msimlishe. Kongoti, mwewe na bundi wanahitaji wataalamu. Wazuieni watu na mbwa, mkae mbali na mdomo wake, na mpigieni KWS. Makao yao makuu yako Barabara ya Lang'ata. Kama yuko katikati ya magari, mfunikeni shuka kichwani ndipo mmsogeze.