Kabla hujanunua transista ya tatu, pima nguvu inayorudi

Ndugu wa Masindi, umesema ampu ya wati 300 ya kituo chako cha redio ya FM imeunguza transista mbili ndani ya mwezi mmoja, na sasa unataka kufunga ya wati 600 ili istahimili. Nakuomba usubiri. Mimi ni fundi wa mitambo ya FM huku Arua, na kosa hilo nimeshalifanya kwa pesa ya watu.

Transista hiyo haikuzi mawimbi ya eksaita (kifaa kinachotengeneza wimbi dogo la FM na kulilisha ampu) kama wengi wanavyodhani. Nguvu inayokwenda hewani inatoka kwenye pawasaplai ya volti 50. Zile wati chache za eksaita zinafungua na kufunga mlango tu, mara milioni 94 kwa sekunde kama uko kwenye 94 FM. Na kwa kuwa katika FM kimo cha wimbi hakibadiliki, unaweza kuisukuma mpaka mwisho bila kuharibu sauti. Ndiyo maana ufanisi unafika asilimia 70 na zaidi. Hata hivyo, kwa wati 300 bado karibu wati 130 zinageuka joto, tena kwenye kipande unachoweza kukifunika kwa vidole viwili. Feni na pesti ya kupitishia joto si vya kubania.

Mlango unaofungwa kwa nguvu namna hiyo huzaa pia megahezi 188 na 282, kwa hiyo kichujio cha mwisho kisitolewe kamwe. UCC, yaani Tume ya Mawasiliano ya Uganda, watakufuata, na watakuwa na haki.

Sasa tuje panapoua. Kwa volti 50 na wati 300, transista inataka kuona mzigo wa omu 4 hivi, ilhali kebo na antena ni omu 50. Wanaozipatanisha ni zile koili za waya mnene wa shaba na kapasita zilizo kando yake. (Usizibane koili hizo kwa kidole; nafasi kati ya mizunguko ndiyo kipimo chenyewe.) Mapatano hayo yanashika pale tu huko mlingotini panapokuwa na omu 50 kweli. Pakiharibika, nguvu inarudi, na kwenye transista ama volti inapanda kupita uwezo wake, ama mkondo unazidi.

Kituo kimoja huku kwetu nilikibadilishia transista mara mbili. Mchana wa jua mita ya nyuma, ile inayopima nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, ilisoma wati 3, nikaondoka nimeridhika. Mara ya tatu nilikaa nikingoja mvua. Ilipoanza, mita ikapanda mpaka 40, kisha 60, na ampu haikujipunguza. Nikazima, nikafungua kifuniko: mtu alikuwa ameunganisha kipande cha waya kuruka saketi ya ulinzi, ile inayoipunguza ampu nguvu inayorudi ikizidi, ili kituo kisikatike hewani. Asubuhi tulipanda mlingoti. Konekta ya chini ya antena ilitoa maji ya kijani, na pini yake ilikuwa imeliwa nusu.

Kwa hiyo anzia huko. Funga mzigo bandia wa omu 50 (kizuizi kinachomeza nguvu yote bila kuirusha hewani) mahali pa antena, uwashe kwa nguvu ndogo, upandishe polepole huku ukitazama mkondo wa dreni, yaani ule ambao transista inauvuta kutoka pawasaplai. Ikitulia nusu saa, ampu yako ni nzima; kagua kebo na konekta, na uhakikishe hakuna aliyeruka ulinzi. Kisha tuandikie hapa namba za nguvu ya mbele (inayokwenda antena) na ya nyuma (inayorudi), za siku kavu na za siku ya mvua.