Maswali ya wasomaji: "Mgonjwa mbele" ni ya darasani tu?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasoma udaktari mwaka wa nne, ndo nimeingia wodi ya magonjwa ya ndani, wiki ya tatu sasa. Darasani tuliambiwa mgonjwa kwanza, msikilize, mshirikishe, ila huku wodini naona mambo mengine kabisa, raundi ya madaktari kupita vitandani inakimbia, watu wanaitwa "yule wa ini" na "kitanda namba saba", nikikaa na mgonjwa mmoja naambiwa nachelewesha wenzangu. Nikisahau majibu ya vipimo nagombezwa mbele ya watu, lakini hajatokea hata mmoja kuniuliza mgonjwa wangu anaogopa nini. Sa hii habari ya kumweka mgonjwa mbele ni ya kufaulia mtihani tu au? Na muda naupata wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza unachokiona kipo kweli, sio macho yako. Kule Philadelphia, Marekani, watafiti wa chuo cha udaktari cha Jefferson waliwafuatilia wanafunzi wao mwaka hadi mwaka wakiwapa dodoso la kupima huruma kwa mgonjwa, wakachapisha mwaka 2009, na kilichoonekana ni kwamba alama zilishuka sana mwaka wa tatu, na kwao mwaka wa tatu ndo ule mwanafunzi anapoanza kushinda wodini. Yaani anakutana na wagonjwa wenyewe alafu ndo moyo unaanza kuwa mgumu. Hilo linaniuma sana na ndo maana barua yako nimeipa nafasi kubwa.

Sa tuje kwenye muda. Watu wengi tunaogopa kwamba mgonjwa ukimwachia aongee hatanyamaza. Basel, Uswisi, walilijaribu hili na matokeo yakatoka 2002, madaktari wa kliniki waliambiwa wamwache mgonjwa aanze kueleza shida yake mpaka amalize mwenyewe, wagonjwa walikuwa 335. Wastani ulikuwa sekunde 92! Karibu wanane kati ya kila kumi walikuwa wameshamaliza ndani ya dakika mbili, na waliozidi dakika tano walikuwa saba tu. Linganisha na utafiti wa Marekani wa 1984 ambapo daktari alikuwa anamkatiza mgonjwa kwa wastani baada ya sekunde 18. Kwa hiyo tunachogombania hapa ni kama dakika moja na kitu, na wewe mwanafunzi unayo kuliko mtu yeyote kwenye hiyo wodi.

Na usidhani ni upole tu, hapana, ni udaktari wenyewe. Uingereza mwaka 1975 walichukua wagonjwa wapya 80, na kwa 66 kati yao barua ya rufaa na historia (yaani maelezo ya mgonjwa mwenyewe) peke yake zilishatoa jibu la ugonjwa lililokuja kukubalika mwishoni, kabla hujamgusa mtu wala kutuma damu maabara.

Nikupe mfano ambao mi mwenyewe nilikuwepo. Nikiwa mwanafunzi nilipangiwa mzee wa moyo, miguu imevimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo, analazwa mara ya tatu kwa tatizo lilelile. Nikasimama pembeni ya kitanda na karatasi yangu, nikauliza, "Dawa unakunywa?" Akasema, "Nakunywa." Nikaandika anakunywa dawa vizuri, raundini nikasoma hivohivo, dozi ikapandishwa. Jioni nesi wa zamu alikuwa anambadilishia shuka, hana kalamu wala nini, akamuuliza huku anakunja ile ya zamani, "Mzee wangu, hivi kile kidonge cha maji huwa unakimeza saa ngapi?" Mzee akakaa kimya kidogo, akasema, "Siku za kazi sikimezi mama. Mi natembeza gari masafa marefu, nikikimeza nitasimama kukojoa kila baada ya dakika kumi." Kumbe siku tano kati ya saba hanywi kabisa! Kesho yake dozi ikarudishwa ilivyokuwa, wakapanga naye awe anakimeza akisharudi nyumbani.

Angalia maswali yale mawili. Langu lilikuwa na jibu moja tu la heshima, ndiyo, nani atamwambia daktari hapana? La nesi lilimwachia mzee nafasi ya kusema maisha yake yalivyo.

Basi fanya hivi. Vuta kiti ukae, mwachie zile dakika mbili, alafu katikati ya maongezi tafuta mambo matatu: yeye anadhani ni nini kinamsumbua, anaogopa nini zaidi, na alikuja akitegemea tumsaidie nini. Usimsomee kama dodoso, atafunga mdomo. Siku ya raundi maliza maelezo yako kwa sentensi moja, "mgonjwa mwenyewe wasiwasi wake mkubwa ni kwamba hatatembea tena", usiombe ruhusa ya kuisema, isome tu kama unavyosoma presha yake. Wakubwa zako watakapoona ile sentensi inabadilisha mpango wa matibabu wataanza kuitaka. Na wewe anza kumuita kwa jina, wenzako watafuata.

SWALI: Nililazwa kwa maumivu ya tumbo, wakaja wanafunzi sita na mwalimu wao, shuka likafunuliwa, kila mmoja akabonyeza palepale panapouma. Sikuulizwa chochote. Nilikuwa na haki ya kukataa?

JIBU: Pole sana dada. Ndiyo, ulikuwa nayo, na unayo hata ukiwa umeshakubali ukaamua katikati kwamba basi inatosha, na matibabu yako hayatakiwi kupungua kwa sababu hiyo. Udaktari haujifunzwi bila mtu kukubali kushikwa na mikono isiyo na uzoefu, daktari William Osler alipata sifa pale hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, kwa kuwapeleka wanafunzi vitandani badala ya kuwaachia vitabu tu, ila mgonjwa anayekubali anatoa msaada, sio deni analolipa.

Kwa wanafunzi wanaosoma hapa: ruhusa iombwe kabla kundi halijafika kitandani, mmoja wenu atangulie, aseme jina lake na kwamba ni mwanafunzi (usijiite daktari, tafadhali), aseme mko wangapi na mtafanya nini. Mkiwa sita mmeshamzunguka na bingwa yupo hapo, ile "sawa" mnayoipata sio ruhusa. Panapouma apabonyeze mmoja, wengine waangalie. Na kipimo cha sehemu za siri, mgonjwa akubali kwa maneno yake na awepo msindikizaji wa kushuhudia, hata kama atakuwa kwenye usingizi wa upasuaji ruhusa yake ipatikane akiwa macho.

SWALI: Mimi ni mkufunzi. Wanafunzi wangu kwenye mtihani wa vituo (ule wa kupita meza hadi meza, kila moja na kazi yake) ni wapole ajabu, wodini siwaoni wakifanya vile. Nipimeje?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, mtihani wa vituo aliouanzisha daktari Harden kule Dundee, Uskoti, miaka ya 70, na wagonjwa wa kuigiza walioanza na daktari Barrows wa Marekani mwaka 1963, ni vitu vizuri kwa mazoezi, mtu akikosea haumii mtu. Shida mwanafunzi anajua "pole sana" ina maksi, anaisema alafu anaruka swali linalofuata bila hata kuinua macho. Jaribu kukaa pembeni dakika tano anapoongea na mgonjwa wa kweli, akiondoka muulize mgonjwa, "Amekueleza nini?" Ukiona mgonjwa hawezi kueleza dawa zake kwa maneno yake mwenyewe, mwanafunzi arudi. Na kama ratiba inaruhusu, mpe kila mmoja mgonjwa mmoja wa kwenda naye tangu kulazwa, maabara, eksirei, mpaka siku ya kurudi kliniki. Akae naye kwenye foleni.

SWALI: Niliona kwenye faili majibu ya mama mmoja, ni kansa. Bado hajaambiwa, na ananiuliza kila asubuhi. Nimdanganye?

JIBU: Usimdanganye, na usimwambie peke yako pia, sababu atakuwa na maswali ya matibabu ambayo huna majibu yake na utamwacha vibaya zaidi. Mwambie ukweli ulio wako: "Mama, majibu yametoka, anayetakiwa kukaa na wewe kuyaeleza ni daktari wako, naenda kumwambia sa hivi kwamba unayasubiri." Alafu uende kweli, leo, sio kesho. Muulize kama angependa ndugu yake awepo, na umuombe daktari uwepo na wewe. Daktari akishatoka, wewe baki.